Jina la Mtu Asiye na Viatu

Maneno yana nasaba kama watu walivyo na nasaba. Liko neno ambalo wazazi wake wajulikana na kila mtu, na liko neno lililookotwa njiani, ambalo kila aliyeliona hudai kuwa ndiye aliyelilea. Katika insha hii nataka tulichunguze neno moja dogo la Kiingereza, "shoeless", maana yake asiye na viatu, na jinsi lilivyomwangukia mchezaji mmoja wa Marekani mwaka 1908, likamganda mpaka kaburini. Neno lenyewe lilikuwapo katika Kiingereza kabla ya mchezaji huyo kuzaliwa. Tunalolitafuta hapa ni asili yake kama jina la mtu: nani alilitamka kwanza, kwa sababu gani, na waliolipokea walisikia nini ndani yake.

Huenda msomaji akauliza: viatu vya mchezaji mmoja wa nchi ya mbali vina uzito gani hata viandikiwe insha? Nami namjibu kwamba ni wachache kati yetu wasiopata kuitwa, shuleni au mtaani, kwa jina wasilolichagua. Na mengi ya majina hayo hutokana na kitu ambacho mwenye jina hana. Mmoja huitwa kwa meno aliyopoteza, mwingine kwa urefu asiokuwa nao, na mwingine kwa sare ambayo baba yake hakuweza kuinunua. Wahenga walisema, "Akutukanaye hakuchagulii tusi." Basi yafaa tujue jina la namna hiyo hufanya kazi gani, na ni nani hasa linayemweleza: aliyepewa, au aliyempa.

Mchezaji wetu aliitwa Joe Jackson. Alizaliwa katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani, katika miaka ya 1880, mtoto wa jamaa maskini. Wazazi wake walihamia karibu na mji wa Greenville kutafuta kazi katika viwanda vya kusokota na kufuma pamba, na Joe mwenyewe aliingia kiwandani angali mtoto mdogo, wakati ambapo watoto wenye bahati walikuwa wakipelekwa shule. Kwa hiyo hakujifunza kusoma wala kuandika. Lakini viwanda hivyo vilikuwa na timu za besiboli, mchezo ambao mtu mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, na mwingine huupiga kwa gongo kisha hukimbia kuvizunguka vituo vinne. Na ilidhihirika mapema kwamba mtoto huyu wa kiwandani hakuwa na mfano wake katika kupiga na kurusha. Mwaka 1908 aliajiriwa na timu ya mji wa Greenville, na mwaka huo huo ndipo alipolipata jina.

Kisa chenyewe alikisimulia Jackson katika gazeti moja la michezo la Marekani mwaka 1949, miaka miwili kabla ya kufa kwake. Alisema kwamba siku moja alicheza akiwa amevaa viatu vipya, navyo vikamtoa malengelenge makubwa miguuni. Siku ya pili timu ilikuwa na upungufu wa watu, kwa kuwa wengine walikuwa wameumia, na msimamizi akamwambia kwamba hana budi kucheza, na malengelenge yake. Akajaribu kuvaa viatu vyake vya zamani, akashindwa. Basi akavivua, akavitupa kando, akaingia uwanjani kwa soksi tu. Mchezo ule ulikuwa katika mji wa Anderson, ambako viti vya watazamaji vilikuwa karibu sana na mstari wa kukimbilia. Mchezo ulipokaribia mwisho, Jackson aliupiga mpira ukaenda mbali, akakimbia mpaka akafika kituo cha tatu. Hapo mtu mmoja mwenye kiwiliwili kikubwa akasimama katikati ya watazamaji, akamlaani kwa sauti kwa tusi jepesi la Kiingereza, na ndani ya tusi hilo akatia neno "shoeless". Wengine wakalidaka neno, likaenea katika miji yote iliyokuwa ikishindana na Greenville, na tangu siku ile akawa Shoeless Joe.

Jackson aliongeza jambo moja ambalo hatuna budi kulishika vizuri. Alisema kwamba ile ndiyo siku pekee maishani mwake aliyocheza kwa soksi, na kwamba hakupata hata mara moja kucheza kwa miguu mitupu.

Je, tukiamini kisa hiki? Mhakiki wa asili za maneno hapaswi kukipokea kisa kwa sababu ni kitamu. Kwa kweli utamu ndio unaopaswa kumshtua kwanza, maana visa vingi vya asili za maneno vimetungwa baadaye na watu waliotaka kuziba pengo. Mimi huviuliza visa vya namna hii maswali matatu. La kwanza: shahidi ni nani, naye alikuwa wapi? La pili: je, kisa chaafikiana na maneno yenyewe, au chayavuta kwa nguvu? La tatu: kisa hiki kinamfaa nani?

Katika swali la kwanza, shahidi wetu ni mwenye jina mwenyewe, naye alikuwapo. Hata hivyo miaka 41 ilikuwa imepita baina ya siku ya malengelenge na siku ya masimulizi, na kumbukumbu ya mzee husafisha na kupanga mambo. Katika swali la pili, kisa chakubaliana barabara na neno. Mtu yule katika viti hakusema "barefoot", maana yake mwenye miguu mitupu. Alisema "shoeless", asiye na viatu. Mtu aliyevaa soksi hana miguu mitupu, lakini ni kweli hana viatu. Neno lililotoka katika hasira ya ghafula lilikuwa sahihi kuliko maneno ya wengi waliokuja kusimulia habari zake kwa utulivu. Katika swali la tatu, kisa hakimpambi msimulizi kupita kiasi. Hakusema kwamba alipiga shuti la ajabu lililookoa timu. Alisema alikuwa na malengelenge. Kwa sababu hizo tatu naona yafaa kukipokea kisa hiki, si kama hati ya mahakama, bali kama ushuhuda wa mtu aliyekuwa na haki ya kulieleza jina lake.

Sasa tulipasue neno lenyewe tuone ndani. Limefanywa kwa vipande viwili: "shoe", yaani kiatu, na "less". Wanafunzi wengi wa Kiingereza, na hata Waingereza wenyewe, hudhani kwamba kipande hiki cha pili ni lile neno "less" lenye maana ya pungufu au chache zaidi. Sivyo. Yamefanana kwa sura tu. Kipande cha mwishoni mwa neno chatoka katika neno la Kiingereza cha kale, "leas", lililokuwa na maana ya huru na kitu, au mtupu wa kitu, nalo ni ndugu wa neno "loose", maana yake lililolegea au lililofunguliwa. Hivyo katika mzizi wake wa kale, "shoeless" si mtu aliyepungukiwa na viatu. Ni mtu aliyefunguliwa viatu.

Tazama jinsi maana hiyo ya kale inavyolingana na tendo la Jackson. Siku ile hakukosa viatu. Alikuwa na jozi mbili, mpya na kuukuu, na zote mbili zilimwumiza. Alivivua kwa hiari ili apate kuifanya kazi aliyoamriwa. Alijiweka huru na kitu kilichomzuia, kisha akakimbia mpaka kituo cha tatu. Kama yule mtu wa kwenye viti angalikuwa mtaalamu wa Kiingereza cha kale, tungeweza kusema kwamba alimsifu.

Lakini hapa mhakiki hana budi kujizuia. Asili ya neno si hukumu ya maana yake. Neno humaanisha kile ambacho watu hukusudia wanapolitamka na kile ambacho wengine hukisikia, hata kama mzizi wake ulikuwa na nia nyingine miaka 1,000 iliyopita. Na kipande hiki cha "less" chenyewe hakina upande. Ukikitia baada ya woga, wapata "fearless", mtu shujaa. Ukikitia baada ya bei, wapata "priceless", kitu chenye thamani isiyokadirika. Ukikitia baada ya nyumba, wapata "homeless", na hapo kila asikiaye huona barabara, mvua na usiku. Ni nini basi kinachoamua kwamba ukosefu huu ni sifa, na ule ni fedheha? Ni fikira za watu juu ya kile kinachokosekana. Wakikiona kuwa mzigo, kukikosa ni uhuru. Wakikiona kuwa alama ya utu, kukikosa ni kupungukiwa na utu.

Nako kusini mwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, viatu vilikuwa alama ya namna hiyo. Watu wa viwanda vya pamba walidharauliwa na watu wa mjini. Walipotoka kazini nywele zao zilikuwa zimejaa nyuzi nyeupe za pamba, na kwa ajili hiyo waliitwa kwa dharau "lintheads", yaani vichwa vya nyuzi. Katika mawazo ya wengi, mtu wa kiwandani alikuwa mshamba asiyejua kusoma na asiyejua kuvaa. Jackson alipopanda na kuingia katika timu za miji mikubwa, kwanza Philadelphia, halafu Cleveland, na hatimaye Chicago, jina lake lilitangulia mbele yake. Watu waliolisikia hawakujua habari za malengelenge wala za soksi. Walisikia tu kwamba huyu ni mtu asiye na viatu, nao wakazijaza nafasi zilizobaki kwa fikira walizokuwa nazo tayari. Siku moja ikageuka kuwa maisha mazima, soksi zikageuka kuwa miguu mitupu, na maumivu yakageuka kuwa ushamba.

Hii ndiyo hila ya majina ya ukosefu, nami naomba wasomaji vijana waiangalie kwa makini. Jina hilo huanza kwa ukweli mdogo. Hakuna awezaye kukana kwamba siku ile Jackson hakuwa na viatu. Kisha ukweli huo mdogo hutumika kama mlango wa kupitishia uongo mkubwa. Anayelalamika huambiwa, "Kwani si kweli?" Naye hushindwa kujibu, kwa sababu ni kweli, ijapokuwa kweli hiyo ni ya siku moja. Wazee wetu walisema kwamba adhabu ya kaburi aijua maiti. Vivyo hivyo anayejua uchungu wa kiatu ni mguu ulio ndani yake, wala si mtu aliyekaa kitini.

Na tukumbuke mtu huyu alikuwa nani uwanjani. Mwaka 1911, akiwa na timu ya Cleveland, alifaulu kupiga kwa kiasi cha mara 408 katika kila 1,000. Na kwa jumla ya miaka yake yote katika timu kubwa kiasi chake kilikuwa 356 katika kila 1,000. Kwa wale wasioujua mchezo huo, yatosha kusema kwamba mpigaji anayefikia 300 huhesabiwa kuwa hodari. Lakini hakuna jina lililotokana na hesabu hizo. Walimwita kwa kile alichokosa siku moja, wala si kwa kile alichokuwa nacho kila siku.

Mwaka 1919 yalitokea mambo yaliyofanya jina hilo lizidi kuwa zito. Timu yake ya Chicago, White Sox, ilishindana na Cincinnati Reds kwa ajili ya ubingwa, nayo ikashindwa michezo 5 kwa 3. Mwaka uliofuata ilifichuliwa kwamba baadhi ya wachezaji wa Chicago walikuwa wamepatana na wacheza kamari kushindwa makusudi. Wachezaji 8 walishtakiwa, Jackson akiwa mmojawapo. Mbele ya baraza la uchunguzi la mahakama alikiri kwamba alipokea dola 5,000. Lakini katika mashindano yale yale alikuwa amepiga mapigo 12 ya kufaulu, hakuna mwenzake aliyemzidi, na baadaye alishikilia mpaka kufa kwake kwamba alicheza kwa nguvu zake zote. Mwaka 1921 wazee wa baraza la mahakama waliwaachilia washtakiwa. Walakini Jaji Kenesaw Mountain Landis, aliyekuwa amewekwa kuwa mkuu wa mchezo huo, aliwafukuza wote maisha. Sikusudii kuihukumu tena kesi hiyo hapa. Kupokea fedha ilikuwa kosa, na wema wa gongo hauliondoi. Nataka tuone tu jinsi jina lilivyofanya kazi katika mashtaka hayo. Waliotaka kumtetea walisema, "Alikuwa mtu asiyesoma, mshamba, asiye na viatu, alidanganywa." Waliotaka kumlaumu walisema maneno yale yale kwa sauti nyingine. Kwa wote wawili jina lilikuwa limemaliza kazi kabla ya mtu mwenyewe kufungua kinywa.

Katika siku hizo hizo kulizuka kisa cha pili. Magazeti yalisimulia kwamba Jackson alipotoka mahakamani, mtoto mmoja alimshika na kumsihi aseme kwamba habari zile si za kweli. Maneno ya mtoto huyo yamekuwa msemo katika Kiingereza cha Marekani. Jackson, katika masimulizi yake ya mwaka 1949, alikana kabisa kwamba jambo hilo lilitokea. Linganisha basi visa viwili. Kila kimoja chasema kwamba sauti moja isiyo na jina ilitoka katikati ya umati ikamwita Jackson, na sauti hiyo ikakumbukwa na taifa zima. Kimoja alikikubali, kimoja alikikana. Alichokikubali ni kile cha kumdhihaki, na alichokikana ni kile cha kumhurumia. Mtu anayetaka kujipamba hafanyi hivyo. Kwangu mimi hii ni sababu ya nne ya kukiamini kisa cha soksi.

Nilitaja mapema neno "barefoot". Yafaa tuliweke kando ya "shoeless" tuone tofauti yao, kwa sababu katika jambo hili Afrika ina ushahidi wake. Neno "barefoot" huutaja mguu: mguu upo, nao uko wazi. Neno "shoeless" halitaji mguu kabisa. Hukitaja kiatu, kisha husema hakipo. La kwanza hutazama kilichopo, la pili hutazama kisichokuwapo. Tarehe 10 Septemba 1960, katika mji wa Roma, askari wa Ethiopia, Abebe Bikila, alikimbia mbio za marathoni bila viatu, kwa sababu viatu alivyopewa havikumkaa vizuri. Akashinda kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata nishani ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki. Sababu yake ilikuwa ile ile ya Jackson: kiatu kilichoumiza. Lakini Waingereza walipoandika habari zake walitumia zaidi neno "barefoot", na neno hilo likawa la kustaajabia.

Hata hivyo tusidhani kwamba Bikila aliepuka kabisa mzigo wa jina. Mkenya Lazaro Chepkwony alikuwa amekimbia bila viatu katika uwanja wa White City, London, mwaka 1954, na watazamaji wengi walikuwa wamemtazama kama kioja kuliko mkimbiaji. Bikila naye, kwa walio wengi, amebaki kuwa mtu wa miguu mitupu. Wachache hukumbuka upesi kwamba mwaka 1964, katika mji wa Tokyo, alishinda tena mbio hizo hizo, safari hii akiwa amevaa viatu, kwa muda wa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, akawa mtu wa kwanza katika historia kuishinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Ushindi wa pili ulikuwa wa kasi zaidi na wa ajabu zaidi. Lakini hauna jina, kwa kuwa siku hiyo hakukosekana kitu.

Na sisi je, katika Kiswahili twasemaje? Twasema "pekupeku", au "miguu mitupu", na hapo twautaja mguu. Twasema pia "bila viatu", kwa neno tulilolipata kutoka Kiarabu. Na tukitaka kumtaja mtu, twasema "asiye na viatu". Tazama jinsi maneno haya yalivyopangwa. Kinachotangulia ni ile "a" ya mwanzo, nayo ni mtu. Kisha ndipo kunapokuja kukana, na mwisho kabisa ndipo vinapotajwa viatu. Mtu yuko mbele, viatu viko nyuma. Katika lile jina la Kiingereza, ukosefu umewekwa mbele na jina la mtu likafuata, kama kofia iliyoshonwa kichwani. Tena, "asiye" wa leo aweza kuwa "aliye" kesho. Na methali zetu humpa asiye na kitu jambo la kufanya, kama ile isemayo, "Asiye na mwana aeleke jiwe."

Lakini tusijisifu upesi. Sarufi njema haimzuii mtu mbaya. Kiswahili nacho kina majina mengi ya kuwadhihaki watu kwa viungo vyao na umaskini wao, na mwanafunzi yeyote aliyekaa bwenini ayajua zaidi yangu. Lugha hutupa njia zote mbili. Sisi ndio tuchaguao. Methali iliyo bora katika jambo hili ni ile isemayo, "Ukipenda, chongo huita kengeza." Wengi huitumia kumcheka mtu aliyepofushwa na mapenzi. Mimi naiona ina hekima nyingine. Yasema kwamba jicho ni lile lile, na kinachobadilika ni moyo wa anayelitaja. Mtu wa Anderson na mtu wa Greenville waliyaona malengelenge yale yale. Mmoja alikuwa na timu iliyokuwa ikifungwa, mwingine alikuwa na timu iliyokuwa ikifunga. Kama jina lingalianzia kwa watu wa Greenville, yamkini Jackson angaliitwa Joe Mvumilivu.

Ajabu iliyobaki ni kwamba jina hilo halikubaki tusi. Mwaka 1982 mwandishi wa Kanada, W. P. Kinsella, alitoa riwaya ambayo jina lake ni lile lile la Jackson, Shoeless Joe, nayo mwaka 1989 ikafanywa filamu iitwayo Field of Dreams. Humo Jackson anarudi kutoka kwa wafu kuja kucheza tena katika uwanja uliojengwa shambani katikati ya mahindi. Neno lililotupwa kama jiwe likawa jina la mtu anayesubiriwa kwa hamu. Nyumba aliyokaa Greenville imekuwa makumbusho, nayo yaitwa kwa jina hilo. Na mwezi wa Mei mwaka 2025 wakuu wa mchezo walikata shauri kwamba adhabu ya kufukuzwa maisha hukoma mtu anapokufa. Hivyo Jackson, aliyefariki Desemba 1951, aliondolewa katika orodha ya waliofukuzwa.

Je, tuseme basi kwamba jina lilimfaa hatimaye? Mimi sikubali. Sifa hizo zimemjia mtu wa hadithi. Mtu aliyeishi alieleza wazi, katika uzee wake, kwamba ilikuwa siku moja tu, na kwamba alikuwa amevaa soksi. Na hata leo wengi wanaolipenda jina lake hudhani alicheza miguu mitupu. Walimsamehe mengine, lakini hawakumsikiliza katika jambo dogo alilolijua kuliko wote. Hilo nalo ni dharau, ijapokuwa imevaa nguo za mapenzi.

Basi, ewe msomaji, utakapokutana na neno linalomtaja mtu kwa kitu asichokuwa nacho, ama katika kitabu, ama katika gazeti, ama kinywani mwako mwenyewe, liulize maswali machache kabla ya kulipitisha. Ni nani aliyelitamka kwanza, naye alikuwa amekaa wapi? Je, kitu hicho kilikosekana siku moja au siku zote? Je, mwenye jina alipungukiwa nacho, au alijifungua nacho ili apate kukimbia? Na mwisho, la muhimu kuliko yote, mwenyewe anasemaje? Joe Jackson alijibu mwaka 1949. Kilichobaki ni sisi kusikia.